Mwalimu wa Kiingereza na Lugha Tatu

Wazazi wapenzi, wengine wenu mmetuuliza: Je, mwalimu wa Kiingereza asemaye Kiswahili darasani haibi fedha zetu za masomo? Ulizo hilo si la bure, maana mtoto husikia Kiingereza shuleni tu. Nyumbani na sokoni hakipo. Basi, tulitazame kwa makini.

Katika nchi yetu Kifaransa ni lugha ya serikali, na Katiba ya mwaka 2006 yataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu aanzapo Kiingereza, amekwisha kubeba lugha mbili, pengine tatu. Sisi walimu hupenda kumweleza kwa Kifaransa, tukidhani ndiyo njia ya heshima. Lakini mara nyingine njia hiyo yampoteza. Neno "library" lafanana na "librairie" la Kifaransa. Mtoto akifuata mfano huo atakwenda dukani kununua kitabu, kumbe ametumwa maktabani. Tena Kifaransa husema "j'ai mangé" kwa mambo mawili, ambapo Kiswahili hutenga "nilikula" na "nimekula", karibu kama Kiingereza kitengavyo "I ate" na "I have eaten". Hapo neno moja la nyumbani laeleza upesi kuliko maneno mengi ya kigeni.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno "yeye" halitengi mume na mke. Ndiyo sababu watoto wetu humwita mama "he". Hapo kutafsiri hakutoshi. Yafaa mwalimu aonyeshe tofauti.

Nasi tuungame kosa letu. Zamani tulitafsiri kila sentensi. Wanafunzi walitulia wakingoja Kiswahili kifuate, na Kiingereza kiliwapita kama mvua juu ya mabati. Siku moja tuliuliza swali jepesi bila kulitafsiri: hakuna aliyejibu. Hapo tulifahamu kwamba si wao walioshindwa.

Basi kipimo ni hiki: Kiswahili kifungue fundo, kisha mtoto mwenyewe aseme sentensi yake kwa Kiingereza kabla ya somo kuendelea.

Enyi wazazi, mtoto arudipo jioni, msimwulize mwalimu alitumia lugha gani. Mwulizeni: Leo wewe umesema nini kwa Kiingereza? Akikosa la kujibu siku nyingi, njoni mtuone. Mtakuwa na haki.