Ndege Nyuki Katika Anga ya Voi: Rimoti Ishikwe na Nani?

Wahenga walinena kuwa fuata nyuki ule asali. Wakulima wa Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, wameutekeleza usemi huu kwa namna ambayo huenda wahenga wenyewe hawakuiwazia. Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, baadhi yao wametundika mizinga kandokando ya mashamba yao na kuiunganisha kwa waya. Ndovu atokaye Tsavo akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka na kwenda zake. Katika miaka hii amejitokeza nyuki wa aina nyingine, asiyetaga wala kutengeneza asali: chombo kidogo kirukacho kwa nguvu za betri, ambacho Wakenya wengi hukiita droni na Watanzania hukiita ndege nyuki. Makala haya yananuia kueleza chombo hiki ni nini, aina zake, manufaa yake na kasoro zake, kisha kuijadili hoja moja: ikiwa kitaletwa mipakani mwa Tsavo, ni nani anayestahili kukiongoza?

Ndege nyuki ni chombo kirukacho bila rubani ndani yake. Huongozwa na mtu aliye ardhini kwa kutumia rimoti, au hufuata njia iliyopangwa mapema kwa programu ya kompyuta. Jina droni limetokana na neno la Kiingereza la nyuki dume. Mnamo mwaka 1935 Waingereza waliunda ndege iliyoongozwa kwa redio, wakaiita Queen Bee, ili wapiga mizinga wa jeshi waifanyie mazoezi ya shabaha. Nyuki dume hana mwiba, na ndege zile hazikuwa na silaha. Miiba ilitiwa baadaye. Makala haya yatalitumia jina ndege nyuki, kwa kuwa linaeleweka na kila mtu aliyewahi kuusikia mlio wa chombo chenyewe.

Kwa mujibu wa umbo, ziko aina tatu kuu. Ya kwanza ni ile yenye rafadha nyingi, aghalabu nne, sita au nane. Hupaa wimawima, huweza kusimama hewani mahali pamoja, na ndiyo inayoonekana sana harusini na katika mikutano ya siasa. Udhaifu wake ni kwamba betri yake kwa kawaida haidumu hata saa moja angani. Ya pili ina mabawa kama ya ndege ya abiria. Husafiri mbali na kwa muda mrefu, lakini haiwezi kusimama hewani. Ya tatu huchanganya sifa za hizo mbili: hupaa wimawima kwa rafadha, kisha husafiri kwa mabawa. Aidha, ziko kubwa za kijeshi, ambazo hukaa angani saa nyingi na kubeba makombora.

Manufaa ya chombo hiki katika Afrika Mashariki si ndoto tena. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege nyuki zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za mashambani, na kuupunguza mwendo wa saa kadhaa wa barabara za milimani ukawa wa dakika. Huko Zanzibar, mradi ulioanza mwaka huohuo ulizitumia kuchora ramani ya Unguja na Pemba, na vijana wa vyuo wa visiwani walishiriki kuzirusha. Kwingineko hutumiwa kupuliza dawa mashambani, kukagua nyaya za umeme na kutafuta watu waliopotea.

Hata hivyo, hitaji la Taita Taveta lina sura yake pekee. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Kenya ina ndovu zaidi ya 36,000, na eneo la Tsavo ndilo lenye wengi kuliko eneo lingine lolote nchini. Wanadamu nao wameongezeka, na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imepita katikati ya nchi ya ndovu, ingawa imejengewa vivuko vyao. Matokeo yake yanajulikana na kila mkulima aishiye kando ya hifadhi. Mahindi yakikaribia kukomaa, baba na mama hukesha shambani wakiwa na tochi, madebe na moto, na asubuhi watoto wao huenda shuleni wakisinzia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Fidia ni haki, lakini hulipwa baada ya kaburi kuchimbwa. Kinachohitajika ni onyo linalofika kabla ya ndovu.

Hapo ndipo ndege nyuki inapopata nafasi yake. Ikiwa na kamera inayotambua joto la mwili, huweza kumwona ndovu gizani, mahali ambapo tochi haifiki. Fauka ya hayo, mlio wake unafanana na mvumo wa kundi la nyuki, mdudu ambaye ndovu humwogopa kwa kuwa humuuma machoni na ndani ya mkonga. Askari wa wanyamapori katika eneo la Mara wamezitumia kuwaondoa ndovu mashambani. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vikosi vya askari mipakani mwa Tarangire na Serengeti ulionyesha kuwa ndovu hukimbia chombo hiki kinapowakaribia, na askari hawalazimiki kuwasogelea kwa miguu.

Licha ya hayo, itakuwa kosa kudhani kwamba mashine itaondoa tatizo. Kwanza, ndovu ni mnyama mwenye akili na kumbukumbu. Mlio usiofuatwa na mwiba huenda ukazoeleka. Pili, ndovu anayefukuzwa bila mpango hutoka shamba la huyu akaingia shamba la yule, na akishtushwa kupita kiasi huweza kumgeukia mtu. Tatu, upepo mkali na mvua huizuia ndege kuruka, na betri huisha kabla ya usiku kwisha. Nne, bei ya ndege yenye kamera ya joto haishikiki na mkulima mmoja. Tano, kamera inayomwona ndovu humwona pia mwanadamu uani mwake, na jangili naye anaweza kununua chombo kilekile.

Pia haifai kusahau kwamba macho ya angani yalizaliwa vitani. Taita Taveta yenyewe ina ushahidi: katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitumia ndege kuchunguza ngome za Wajerumani katika nyanda hizi, kabla na baada ya pigano la kilima cha Salaita la Februari 1916. Wenyeji hawakuulizwa lolote. Karne moja baadaye, Januari 2022, shambulio la ndege isiyo na rubani liliua makumi ya watu waliokimbia vita katika kambi ya Dedebit, Tigray. Chombo ni kilekile kwa asili. Kinachobadilika ni mkono unaokiongoza na nia iliyo nyuma yake.

Kwa hivyo, mjadala unaofaa Voi unahusu umiliki. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinaitaka kila ndege nyuki isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuirusha juu ya hifadhi kunahitaji kibali. Kanuni hizo zina busara, kwani anga isiyo na sheria ni hatari. Lakini zikifuatwa bila kumfikiria mkulima, chombo hiki kitabaki cha mtalii, cha mpiga picha na cha shirika lenye fedha, naye anayekesha na debe ataendelea kukesha.

Mzinga wa Sagalla unatoa funzo hapa. Utafiti wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika misimu ya mazao, ua wa nyuki uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliofika. Ulionyesha vilevile kwamba ukame huifanya mizinga mingi kukosa nyuki. Ua huo una udhaifu wake, lakini mwenye shamba ndiye anayeutunza, ndiye anayevuna asali, na ndiye anayejua umeharibika wapi. Ndege nyuki na iletwe kwa kanuni hiyohiyo. Serikali ya kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori zinaweza kuunda vikosi vya vijana wa vijiji vya mpakani, wapewe mafunzo na leseni, na wawe na simu inayojulikana na kila nyumba. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko katika kaunti hiihii. Kinaweza kufunza marubani hao na kupima, msimu baada ya msimu, iwapo ndovu wanazoea mlio. Vijiji navyo vikubaliane ndovu aelekezwe njia ipi, na picha za nyua za watu zisihifadhiwe.

Mwaka wa mvua, mizinga itafanya kazi yake. Mwaka wa ukame, nyuki watakapohama, kijana wa Sagalla mwenye rimoti ataweza kuziba pengo. Rimoti hiyo ikiwekwa katika ofisi ya mbali inayosubiri barua ya maombi, ndovu hatasubiri.