PIN Yako Isilale Ndani ya Simu Yako

Wateja wetu wengi wanajua kwamba PIN haipewi mtu. Tumelisema sana na bado tutalisema. Lakini kuna wale ambao hawajampa mtu yeyote, ila wameipa simu yenyewe. Wameihifadhi kwa kontakti kama jina la shangazi, ama wamepiga picha ya karatasi walipoiandika. Hapo kando kuna picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, iliyotumwa kwa mwenye nyumba mwaka jana. Simu ikinyakuliwa kwenye dirisha la matatu kabla haijajifunga, mwizi hana haja ya kubahatisha.

Msimamo wetu ni kwamba simu inafaa kuhifadhi mafaili, lakini PIN ya pesa ikae kichwani tu.

Hatusemi ufute kila kitu. Nakala ya kitambulisho husaidia, na mwenye duka anahitaji picha za risiti. Ziweke tu panapofungwa. Programu ya Files by Google ina folda salama inayofunguka kwa PIN yake, na simu nyingi za Samsung zina Secure Folder. PIN ya folda isifanane na ile ya pesa. Picha ya kitambulisho ikishafanya kazi yake, ifute, pamoja na ile iliyobaki WhatsApp. Na sisi watoa huduma tunapoomba picha hizo, ni jukumu letu kumkumbusha mteja afanye hivyo.

Tukija kwa sauti, wengine hushauri uzime kabisa. Hatukubaliani nao. Tangu 2017 kibodi ya Google inaweza kuandika Kiswahili unachotamka. Kwa mtu asiyeona vizuri, ama mama anayekanda unga wa chapati huku wateja wakimtumia meseji, huo ni msaada mkubwa.

Shida ni simu iliyofungwa lakini inamjibu kila mtu. Kulingana na ulivyoipanga, inaweza kusoma meseji ama kupiga simu ikiambiwa tu, na skrini bado imefungwa. Meseji ndizo huleta salio lako na nambari za uthibitisho. Kwa hivyo ingia kwa mipangilio, tafuta msaidizi wa sauti, uzime majibu ya kibinafsi wakati skrini imefungwa. Kwa iPhone, zima Siri isifanye kazi simu ikiwa imefungwa. Ficha pia maandishi ya meseji yanayotokea juu ya skrini. Na PIN usiitamke kwa sauti, hata ukiwa na haraka kwa ajenti. Foleni ina masikio.

Jipime leo. Funga simu, mpe mtu unayemwamini, mwambie aiamrishe isome meseji yako ya mwisho. Ikisoma, una kazi ya kufanya kabla ya kulala.

Kuna atakayesema hizi hatua ni nyingi. Ni kweli zitakuchukua dakika kadhaa. Lakini ukipoteza simu, tunaweza kufunga akaunti pale tu utakapotufikia, na ili utufikie lazima kwanza uazime simu ya mtu. Mwizi aliyepata PIN kwenye kontakti hangoji. Pesa ikishatolewa taslimu, kuirudisha ni vigumu sana. Afadhali asikute kitu.