Tanuru la Matofali na Michezo ya Kompyuta: Mchoro Unaostahili Kufundishwa

Mtu asimamaye juu ya mteremko katika Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, akatazama bondeni wakati wa kiangazi, si ajabu akaliona tanuru la matofali likisubiri kuchomwa. Kwa kuwa mtazamaji yuko juu na pembeni, huziona nyuso tatu kwa mara moja: ya juu, ya kushoto na ya kulia. Tanuru likiwa mbali kiasi, upande wake wa nyuma hauonekani kuwa mdogo kuliko wa mbele, na mistari iliyo sambamba hubaki sambamba.

Mwonekano huo ndio uliomo katika aina moja ya michezo ya kompyuta ambayo vijana wanaifahamu kwa njia ya simu. Chumba kimeondolewa kuta mbili za mbele, sakafu imegawanywa katika miraba iliyolala kama almasi, na mchezaji humwongoza kiumbe mdogo arukaye kutoka jiwe hadi jiwe na kusukuma masanduku ili apate njia. Wataalamu huuita mchoro wa isometriki, yaani mchoro wa vipimo sawa. Maoni yangu ni kwamba kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza afundishwe kuuchora, na afundishwe kwa mbinu ya watengenezaji wa michezo hiyo. Natambua kuwa pendekezo hili litawashangaza walimu, hasa wale waliokwisha kunyang'anya simu za kutosha.

Mchoro wenyewe si mpya. Mwaka 1822 William Farish, profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alichapisha makala ya kueleza kanuni zake. Yeye alikuwa akifundisha kwa mifano ya mitambo iliyoungwa kwa vipande, ambayo ilifumuliwa na kuungwa upya kwa masomo mengine. Wasaidizi wake walihitaji picha inayopimika kwa rula, wajue kipande gani kinakaa wapi. Picha ya kawaida, ambamo vitu vya mbali hupungua, haipimiki hivyo. Ukiutazama mchemraba kupitia ulalo wake, kutoka kona moja hadi kona inayoikabili, kingo tatu zinazokutana huachana kwa digrii 120, na zote hufupika kwa kiwango kimoja, takriban asilimia 82 ya urefu wa kweli. Ni mpango ule ule wa mielekeo mitatu wanaoutumia wavuvi wa pwani wasukao dema, ambalo matundu yake yana pembe sita.

Kompyuta za nyumbani ziliuhitaji mchoro huu kwa sababu ya ufukara wake. ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48 tu, na picha yake ilikuwa ya nukta 256 kwa 192. Katika mashine hiyo ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, walitoa mwaka 1984 mchezo uitwao Knight Lore, uliowafanya watu waamini kwamba wanaingia chumbani. Siri yake ni rahisi kuieleza. Kwa vile kitu hakipungui kikiwa mbali, picha moja ya jiwe inatosha popote. Mashine huirudia tu, ikianza na lililo nyuma kabisa na kumaliza na lililo mbele, ili la mbele lilifunike la nyuma. Tena mashine hiyo haikuweza kuweka rangi zaidi ya mbili katika kila kisehemu cha nukta 8 kwa 8, hivyo kila chumba kilipakwa rangi moja juu ya weusi. Leo, mafundi wenye mashine zenye nguvu maelfu ya mara wanaiga sura hiyo kwa makusudi, kama ilivyo katika Lumo, mchezo wa mwaka 2016. Wanaovutiwa na rangi peke yake, kwa maoni yangu, wanasifu ganda na kuliacha tunda.

Tunda liko katika pembe. Vitabu vya uchoraji wa ufundi hudai mstari wa digrii 30. Lakini kioo cha kompyuta ni wavu wa nukta za mraba, na mstari wa digrii 30 hupanda juu yake kwa ngazi zisizo sawa, ukaonekana kama meno ya msumeno mbovu. Kwa hiyo wachoraji wa michezo walichagua mstari unaokwenda nukta mbili kando na moja juu. Pembe yake ni digrii 26.6 hivi, na wahandisi wana haki ya kuguna, kwa sababu pembe tatu za katikati si 120 tena bali ni 127, 116.5 na 116.5 kwa kukadiria. Jicho halilalamiki.

Sasa mwalimu aangalie daftari la hesabu lenye miraba. Nalo ni wavu! Kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta inafaa daftari hilo bila pembetatu ya plastiki, bila kipimapembe, na bila umeme. Mwanafunzi aweke nukta. Kutoka hapo achore mstari unaokwenda miraba minne kulia na miwili juu. Arudi kwenye nukta, achore mwingine wa minne kushoto na miwili juu. Arudi tena, ashuke wima miraba mitano. (Hesabu kamili ni 4.9, lakini penseli haijui tofauti hiyo.) Akikamilisha nyuso tatu kwa mistari sambamba, amepata mchemraba. Katika muhtasari wa hisabati uliotumika kwa miaka mingi, maumbo ya namna hii yalisubiri hadi Kidato cha Nne. Sioni kwa nini yasubiri, wakati kijana wa miaka kumi na minne tayari anayasoma kwenye simu ya kaka yake.

Faida yake haiishii kwenye alama za mtihani. Tuchukulie rundo la matofali yenye umbo la mchemraba, kumi kwa urefu, kumi kwa upana na kumi kwa kimo. Yako 1,000. Je, mtazamaji wa mteremkoni anayaona mangapi? Ondoa yaliyofichika, ambayo ni tisa mara tisa mara tisa, yaani 729; yanabaki 271. Zaidi ya theluthi mbili za rundo hazionekani, na picha haisemi kama ndani mmejaa au mna uwazi. Tanuru halisi lina matundu ya kuwekea kuni, na matofali ya katikati hayaungui sawasawa na ya pembeni. Kijana aliyewahi kuchora rundo hilo tofali kwa tofali atauliza swali la maana siku kijiji kinaponunua tanuru zima kwa ajili ya boma la darasa.

Kasoro moja ya mchoro huu haina budi kusemwa, nayo ni nzuri kuliko sifa zake. Katika mchoro wa digrii 30, tofali likisogezwa hatua moja kuelekea kwa mtazamaji kwa kila moja ya mielekeo miwili ya sakafu, kisha likainuliwa hatua moja, hurudi pale pale karatasini. Picha haiwezi kutofautisha lililo chini na mbali na lililo juu na karibu. Ndiyo maana mchezaji hukosea kuruka, na ndiyo maana kivuli chini ya kitu kinachoelea ni msaada mkubwa. Oscar Reutersvärd wa Sweden aliitumia kasoro hiyo mwaka 1934 kupanga michemraba tisa katika pembetatu isiyoweza kujengwa. Lionel Penrose na mwanawe Roger walichapisha pembetatu ya namna hiyo mwaka 1958. Mchezo wa Monument Valley, uliotengenezwa London na kutolewa mwaka 2014, umejengwa juu yake: njia mbili zikionekana kuungana, basi zimeungana, na mtu hupita.

Sipendekezi simu ziruhusiwe madarasani. Mchezo unaonyesha picha iliyokwisha kukamilika, nayo mikono ya mwanafunzi haijifunzi chochote. Napendekeza vipindi viwili, daftari la miraba, na tanuru lililo karibu na shule. Darasa lipande mteremkoni, lichore liliyoyaona, kila mmoja akianza na matofali ya nyuma na ya chini. Siku ya pili mwalimu awaambie waichore pembetatu ya Reutersvärd, kisha wajaribu kuijenga kwa vipande tisa vya udongo wa mfinyanzi, na wamweleze ni kipande cha ngapi kilichowakatalia.