Kolwezi Isiwe Kisingizio

BANDARI SALAMA, na Mbwana Shekue

Mvuvi wa Bagamoyo akikutwa na kokoro, nyavu zake zinachomwa moto na yeye anafikishwa mahakamani. Maofisa uvuvi wana hoja: kokoro linakomba kila kitu, mpaka mayai na vifaranga vya samaki. Sasa tazama kinachotakiwa kufanywa kwenye Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500, na wakubwa ambao hakuna atakayethubutu kuwachomea chochote.

Kule chini, gizani, juu ya tope laini, yametapakaa mabonge meusi ya madini, mengi yao ukubwa wa kiazi. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na ndiyo maana wakubwa hao wanataka kuyachimba. Bonge moja huongezeka milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sakafu ile ni tope tupu, viumbe wanaohitaji kitu kigumu cha kujishikiza hukimbilia mabonge hayo. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza habari za pweza wa vilindini anayetaga mayai kwenye kikonyo cha sifongo kilichokufa, kikonyo chenyewe kikiwa kimeota juu ya bonge, kisha anayakumbatia na kuyalinda. Bonge likizolewa, huyo atataga wapi?

Wajerumani walikwisha kujaribu kuiga uzoaji huo. Mwaka 1989 walikokota plau kwenye sakafu ya bahari mbele ya pwani ya Peru. Waliporudi kuangalia mwaka 2015, mifereji ilikuwa ingali palepale, na viumbe wengi hawajarejea. Hilo lilikuwa jaribio dogo. Mashine za leo zinafyonza mabonge pamoja na udongo wa juu, na tope linalotimka husafiri mbali na kuwafukia hata wale ambao hawakuguswa.

Kinachonikera zaidi ni utetezi wa hao wanaotaka kuchimba. Wanatuambia tuchimbe baharini ili kuwaokoa watoto wanaohangaika kwenye mashimo ya kobalti huko Kolwezi, nchini Kongo. Ama kweli! Dhuluma ya Kolwezi ipo, nani asiyeijua? Lakini dawa yake ni kumlinda mchimbaji mdogo na kumlipa haki yake, si kumnyang'anya soko. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Nani aliwauliza watu wa Kolwezi kama wanataka kuokolewa kwa namna hiyo? Isitoshe, magari mengi ya umeme ya China sasa yanatumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli hata chembe. Huo uharaka unatoka wapi?

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Frank Njenga wa Kenya ndiye aliyepeleka kwa mataifa, mwaka 1972, wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari. Joseph Warioba wa Tanzania aliongoza, kuanzia 1983, tume iliyoandaa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, ambayo leo makao yake ni Kingston, Jamaika. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unasema madini ya sakafu hiyo, nje ya mipaka ya nchi, ni urithi wa pamoja wa binadamu wote. Marekani haijauridhia mpaka leo. Aprili 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuharakisha vibali kwa kutumia sheria yao wenyewe ya mwaka 1980, na siku chache baadaye kampuni moja ya Kanada ikapeleka maombi yake Washington. Urithi wa wote, kibali cha mmoja! Hata huko Kingston kwenyewe, wajumbe wa Afrika walishalalamika kwamba mgao unaopendekezwa kwa nchi zetu ni kiduchu.

Nchi zaidi ya 30 zimekwisha kusema kazi hii isianze, angalau kwa sasa. Tanzania iliridhia mkataba mwaka 1985, Kenya 1989, na kwenye Baraza Kuu la Kingston kila mwanachama ana kura moja, awe mkubwa awe mdogo. Kwa hiyo, msomaji, mbunge wako akija jimboni usimwulize habari za barabara peke yake. Mwambie amwulize waziri: kura yetu iko upande gani?