Sungura Hamnyang'anyi Mtoto Kiingereza

Mwandishi anayetaka Kiingereza cha shule ya msingi kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, na hadithi za Kiswahili zitupwe nje kwa kuwa zinamdekeza mtoto, amekosea pa kuanzia. Mtoto wa Bariadi huongea Kisukuma nyumbani na kusoma masomo mengine kwa Kiswahili. Kiingereza ni nadra kukisikia nje ya darasa. Mwandikie sentensi moja ubaoni, ataikariri. Mpe kisa cha sungura na fisi anachokijua tayari kwa Kiswahili, kisha akisome kwa Kiingereza, ataona sungura akitajwa mara ya kwanza ni “a hare”, baadaye ni “the hare”. Sentensi iliyo peke yake haiwezi kumwonyesha hilo.

Wapinzani wa hadithi watasema mtoto atazoea kutafsiri. Ni kweli, ndiyo maana Kiswahili kiondolewe kisa kikishaeleweka. Lakini Kiingereza kimekuwa lugha ya kufundishia sekondari miaka mingi, na watafiti Criper na Dodd walipoipima hali hiyo mwaka 1984 walikuta wanafunzi wengi hawakijui kiasi cha kufuata masomo. Ushahidi huo mwenye hoja hakuugusa.