Mbwa Akila Asinenepe

Huko Likoni, Kisauni na Changamwe, mlinzi wa nyumba nyingi ni mbwa, na ujira wake ni makombo. Akikonda huongezewa ugali. Asiponenepa, hulaumiwa asili yake. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, ni uonevu mtupu.

Kwanza na atazamwe ufizi. Ukipauka, damu imepungua, na wanyonyaji wanaoshukiwa ni wawili: kupe ngozini na minyoo ya safura tumboni. Safura hung'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu, hata sufuria ijazwe vipi. Kitoto cha mbwa huambukizwa kwa maziwa ya mamaye. Daktari wa mifugo akipewa kinyesi kidogo, huyaona mayai kwa hadubini.

Walimu, msidhani hayo ni ya wafugaji peke yao. Mayai hayo huanguliwa mchangani, na vijiminyoo vyake hupenya ngozi ya mwanafunzi apitaye pekupeku, vikiacha michirizi iwashayo. Naye huenda kwao mbwa haguswi kabisa. Huduma za mifugo zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013. Kaunti ya Mombasa basi ilete dawa ya minyoo mitaani, wapewe mbwa wote kwa pamoja, wakiwamo wasio na mwenyewe.