Nani Alikaa Kwenye Kikao?



Wiki hii kwenye magrupu ya kata yetu imezunguka picha moja hadi imechosha. Mheshimiwa kasimama katikati, kashika ile hundi ya bango, kubwa kama mlango. Pembeni akina mama wa kikundi wamevaa vitenge vya sare, nyuma yao chawa wanapiga makofi, na chini pameandikwa kwa herufi nyekundu: MHESHIMIWA ATOA MAMILIONI KWA VIKUNDI.

Atoa. Nimelisoma neno hilo mara tatu. Katoa wapi? Kauza ng'ombe? Kavunja kibubu? Hela ile ni ushuru wa soko, ni leseni za maduka, ni ushuru wa stendi na wa mazao. Mama muuza dagaa alikatiwa risiti asubuhi, jioni anaitwa uwanjani kuipigia makofi hela yake mwenyewe.

Lakini hundi ya bango siyo iliyonikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni vijana sita wa kuchomelea mageti, ambao nawajua kwa sababu katiba ya kikundi chao niliiandika mimi, usiku, kwa tochi ya simu. Walikuwa na kila kitu: akaunti ya benki, barua ya mtaa, muhtasari wa kikao, andiko la mradi. Waliomba hela ya jenereta na mashine moja. Wakaambiwa "tutawapigia". Miezi ikapita. Walipofuatilia, wakakuta vikundi vimeshapita, hela imeshatoka, na hundi ya bango imeshapigwa picha. Mmoja wao, kijana mpole kabisa, akauliza pale dirishani: "Samahani mama, tunaomba kujua tulikosea wapi, na nani walikaa kutupitia?" Akajibiwa: "Mwanangu, hayo ni mambo ya kikao."

Mambo ya kikao! Hapo ndipo makala hii ilipozaliwa.

Nchi hii tumezoea kuuliza swali moja tu kuhusu hela za jamii: shilingi ngapi? Bajeti imepanda? Imeshuka? Mbunge wa kwao kaleta ngapi na wa kwetu kaleta ngapi? Swali la nani alikaa kuamua linaonekana la kiherehere, la mtu anayetafuta ugomvi. Wakati ndilo swali lenyewe. Ukinionyesha wajumbe wa kamati, kazi zao, waliowateua na wanaomwogopa, naweza kukutajia kikundi kitakachopata kabla fomu haijajazwa. (Wale waliosema mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu walikuwa wanalia na kura za maoni za chama chao, ila msemo umetufaa wote.)

Hili jambo si geni duniani. Mwaka 1914 kule Cleveland, Marekani, mwanasheria aliyekuwa anaongoza benki, Frederick Goff, alianzisha mfuko wa jamii unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina yake. Matajiri wakifa wanaacha mali, benki inaitunza, na faida inarudi kwa wakazi wa mji. Goff alikuwa bosi wa benki. Angeweza kabisa kujiandikia: mimi ndiye mwenyekiti, mimi ndiye nitakayegawa na mimi ndiye nitakayepigwa picha. Hakufanya hivyo. Kutunza hela kukabaki benki, kugawa kukapewa kamati ya pembeni, na baadhi ya wajumbe wa kamati hiyo wakateuliwa na meya na majaji, watu wasiokula mshahara wa benki. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Walikuwa wakubwa wa mji, na muuza dagaa wa Cleveland sidhani kama alikuwa na kiti pale. Ila benki ya mzee yule mwaka 1914 ilielewa jambo ambalo Bunge letu mwaka 2009 lilikataa kulielewa: anayeshika hela asiwe huyo huyo anayeamua nani apewe.

Kwa sababu mwaka 2009 sisi tulitunga Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mfuko wa Jimbo, kwa kifupi. Asasi za kiraia zilizo chini ya Policy Forum zilipiga kelele, zikaandika, zikaonya. Bunge likapitisha. Na mwenyekiti wa kamati inayogawa hela za mfuko huo ni nani? Mbunge. Katibu ni ofisa mipango wa halmashauri. Waliobaki ni watu wanaomtegemea au wanaomwonea aibu: diwani anayetaka kurudi, mtendaji wa kata anayeogopa kuhamishiwa porini. Mwambie mtendaji ampinge Mheshimiwa kwenye kikao, halafu mtafute mwezi ujao uone yuko kituo gani.

Sasa soma Katiba, ibara ya 63(2). Bunge ndicho chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia! Mbunge aliyegawa saruji Jumamosi, Jumatatu atasimama bungeni kuhoji saruji imekwenda wapi? Atajihoji mwenyewe kwenye kioo? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akileta hoja kuhusu Mfuko wa Jimbo, anayetakiwa kumbana mwenyekiti ni mwenyekiti mwenzake wa jimbo la jirani. Wote wamekalia kiti cha aina moja. Nani atamtupia nani jiwe?

Wenzetu Kenya, waliotutangulia kwenye hiyo biashara tangu 2003, wameshaipeleka mahakamani. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria yao ya mfuko wa majimbo ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha katiba, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo: mbunge hawezi kuwa mtunga sheria, msimamizi na mgawaji kwa wakati mmoja. Wabunge walikuwa wameshatunga nyingine mwaka 2015, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaigonga na hiyo. Wanasiasa wa kule wanang'ang'ania mfuko kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, kwa sababu bila mfuko itabidi wagombee kwa hoja. Ila angalau kule swali limeulizwa mbele ya majaji. Hapa tunaliuliza kwenye kijiwe cha kahawa, tena kwa kunong'ona.

Na kabla mtu wa chama tawala hajakimbilia kucheka, niseme la kwetu. Tulipokuwa na wabunge wengi, kabla ya ule uchaguzi wa 2020 uliowaachia wao viti 256 kati ya majimbo 264, na sisi tulikalia kiti hicho hicho. Wapo wabunge wetu waliobandika matumizi ya mfuko hadharani, heshima kwao. Na wapo waliopiga picha na mabati kama hao wa leo, na sisi vijana tukashea picha hizo tukaandika "jembe letu". Tulikosea. Kiti kibovu hakigeuki kizuri kwa sababu amekikalia kamanda. Najua wapo viongozi watakaonuna wakisoma hapa. Wanune, kisha waseme hadharani kama ilani ijayo itamtoa mbunge kwenye kamati ya mgao au itangoja zamu yetu ifike.

Turudi kwa wale vijana sita, maana hela waliyoomba siyo ya Mfuko wa Jimbo, ni ya ile asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria nzuri. Nasema bila kuzunguka, nzuri. Kabla yake ilikuwa hisani ya mkurugenzi, baada yake ikawa haki.

Kisha ikaja shida ile ile ya nani anakaa. Ripoti za CAG, mwaka hadi mwaka, zikaorodhesha mikopo isiyorudi na vikundi visivyopatikana vilipo. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimama bungeni na mikopo ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu uangaliwe upya. Ilirudi 2024, halmashauri 10 zikijaribu kupitisha hela benki. Hebu fikiria. Aliyeidhinisha kikundi hewa ana jina, ana saini, ana mhuri. Adhabu ikamwangukia nani? Binti wa saluni aliyekuwa anarejesha kila mwezi akisubiri awamu ya pili. Kijana wa bodaboda. Mlemavu aliyeomba cherehani. Zaidi ya mwaka mzima wamefungiwa bomba kwa kosa la mtu aliyekaa kwenye kikao wasichokijua. Na sasa mnatuletea benki kana kwamba benki haina meneja, na meneja hana shemeji.

Wanasema vijana hawarejeshi. Wengine hawarejeshi, kweli, sitetei. Lakini kikundi kilichopewa hela kwa sababu kiliimba vizuri kwenye mkutano kinajua kabisa kile ni kifuta jasho, siyo mkopo. Nani anarejesha zawadi? Anayerejesha ni yule aliyepitishwa kwa haki, na huyo ndiye mnamwambia mtampigia.

Halafu kuna hizi foundation. Ukikaribia uchaguzi zinachipua kama uyoga baada ya mvua za masika. Kila mwenye nia ana foundation yenye jina lake au la marehemu mama yake: jezi, mipira, mitungi ya gesi, taulo za kike, bima za wazee. Ukiuliza wadhamini ni nani, kimya. Kanuni za mwaka 2018 ziliyabana mashirika yasiyo ya kiserikali: fedha zikizidi Sh milioni 20, mkataba upelekwe kwa msajili ndani ya siku 10, na mapato na matumizi yatangazwe gazetini. Asasi inayofundisha wananchi haki zao ikichelewa siku moja inaitwa kujieleza. Foundation ya mkubwa umeiona lini gazetini, ukurasa wa mapato na matumizi? Ukurasa wa picha tumeuona sana.

Tunachotaka hakihitaji katiba mpya, ingawa nayo tunaitaka. Majina ya kila kamati inayogawa hela za jamii yabandikwe kwenye ubao wa kata, kila jina na aliyeliteua. Mjumbe mwenye ndugu kwenye kikundi atoke nje ya chumba, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Kila kikundi kilichonyimwa kipewe sababu kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja. Mbunge aondoke kwenye kiti cha mwenyekiti wa Mfuko wa Jimbo, awe wa chama chao au wa chama chetu. Na kijana mmoja mwenye umri wa vijana kweli, siyo mzee wa miaka hamsini anayeitwa kijana wa chama, akae kwenye kila kikao kinachogawa hela ya vijana.

Jumatatu tulikwenda halmashauri, vijana wale sita na mimi wa saba, na barua moja ya kurasa mbili. Tumeomba muhtasari wa kikao kilichopitisha vikundi vya awamu hii na majina ya waliohudhuria, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Dada wa masjala alituangalia, akaisoma mara mbili, akauliza kama tuna uhakika. Tukamwambia tunao, dada. Akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Sheria imewapa siku 30 za kujibu, na leo ni ya nne.